Kususia soka la kulipwa kwa sababu ya mfumo dume na biashara iliyopitiliza: panauma wapi hasa?

Mwanamzunguko (mwenye mada)

Habari za muda huu wakuu.

Kila msimu ukianza hoja hii huibuka, halafu inazama kwenye utani wa Simba na Yanga kabla haijajibiwa. Naomba safari hii tuijibu.

Wanaotaka tususe soka la kulipwa wana mambo mawili. La kwanza ni namna mchezo unavyowatendea wanawake. Bingwa wa AFCON 2023 ya wanaume alibeba dola milioni 7, bingwa wa WAFCON 2024, yaani AFCON ya wanawake, akabeba milioni 1. Kombe la Dunia la wanaume 2022 lilikuwa na zawadi za jumla ya dola milioni 440, la wanawake 2023 milioni 110. Agosti 2023, Hispania wakiwa wametoka kuwa mabingwa wa dunia, rais wa shirikisho lao, Luis Rubiales, alimbusu Jenni Hermoso mdomoni jukwaani bila ridhaa yake. Hapa kwetu, Agosti 2021, Rais Samia alizungumzia hadharani vifua vya wanasoka wa kike na nafasi zao za kuolewa. Hayo yote hayajafichwa, yamefanyika mbele ya kamera.

La pili ni pesa. Jezi tatu mpya kila msimu kwa klabu moja, na kifuani matangazo ya kubeti. Agosti 2022 Simba walisaini na M-Bet mkataba wa miaka 5 wa takribani shilingi bilioni 26, na Yanga mwaka huohuo wakaongeza na SportPesa miaka 3 kwa zaidi ya bilioni 12. Mtoto wa darasa la tano anavaa tangazo la kamari na mzazi ndiye aliyelinunua.

Wanaopinga wanasema shabiki mmoja akiondoka hakuna anayeshtuka, na wa kwanza kuumia watakuwa haohao wachezaji wa kike.

Maswali yangu: kususia kunauma kweli? Kama kunauma, kunauma mfuko upi? Na tutafanyaje ili kisu kisimkate mwanamke tunayesema tunamtetea?

---

Hesabu za Uwanjani

Mkuu, fuata kwanza shilingi inakopita. Watu wengi wanasusia pale ambapo klabu haina mfuko.

Klabu inaingiza pesa kwa njia kuu tano: haki za matangazo, wadhamini, mlangoni, jezi na bidhaa, na kuuza wachezaji. Hiyo ya mwisho shabiki haigusi. Nne zilizobaki kila moja ina saa yake ya kuuma.

Matangazo. Ligi Kuu ya Uingereza imeuza haki za ndani ya nchi yao pekee kwa Sky na TNT kwa pauni bilioni 6.7, miaka minne kuanzia 2025/26. Ligi yetu ilisaini na Azam 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Mkataba ukishasainiwa, wewe kuzima televisheni leo hakupunguzi hata senti kwenye malipo ya klabu. Kituo kinaangalia idadi ya waliolipia kifurushi pale kinapojiandaa kwa mkataba mpya. Kwa hiyo kususia kifurushi kuna maana msimu mmoja au miwili kabla ya mkataba kuisha. Katikati ya mkataba unajinyima tu. Na banda umiza ndiyo kabisa: kisimbuzi kimoja, kifurushi kimoja, vichwa themanini kwenye mabenchi. Usipokwenda, umemnyima mwenye banda jero yake. Ligi haijui kama uliwahi kuwepo.

Jezi. Klabu kubwa za Ulaya zinalipwa na mtengenezaji kiasi cha uhakika kabla hata jezi moja haijauzwa. Manchester United na adidas walikubaliana 2023 kiwango cha chini cha pauni milioni 900 kwa miaka kumi. Halafu tuseme ukweli: jezi nyingi za Ulaya zinazouzwa Kariakoo ni feki, klabu haipati kitu. Ukizisusia unamsusia machinga. Jezi za klabu zetu ni habari nyingine. Hapa mzabuni anaiangalia hesabu ya mauzo kwa macho makali, kwa sababu soko lake ni hilihili. Lakini mauzo yenyewe yanajaa wiki zile za Simba Day na Wiki ya Mwananchi, sherehe za klabu hizo kabla ya msimu. Anayetangaza kususia jezi mwezi wa kumi, mzigo umeshatoka dukani.

Mlangoni. Kabla klabu haijashika chake, mapato yanakatwa kodi, gharama za uwanja na mafungu ya vyombo vya mpira. Kwa klabu kubwa mlango si mfuko mnono. Kwa klabu ndogo ya mkoani, mlango ukikosa watu mechi tatu mfululizo, mishahara inachelewa. Kwa hiyo ukisusia viingilio vya "soka la kulipwa" kwa ujumla wake, unamuangusha mdogo na mkubwa hajayumba.

Wadhamini. Hapa ndipo penye mshipa. Mdhamini ananunua jina zuri, na jina likinuka anaondoka kabla ya mahakama haijakaa. Novemba 2018 wachezaji wa kike wa Afghanistan walipotoa tuhuma za kudhalilishwa kingono ndani ya shirikisho lao, Hummel, kampuni ya Denmark iliyokuwa ikiwavalisha, ilivunja udhamini mara moja. Juni 2019 FIFA ikamfungia maisha rais wa shirikisho hilo, Keramuddin Karim. Au angalieni Raith Rovers ya Scotland, Januari 2022: walimsajili mshambuliaji ambaye mahakama ya madai ilishamtamkia kuwa alibaka. Mdhamini mmoja wa jezi akajitoa, nahodha wa timu ya wanawake akaacha klabu, na ndani ya siku chache uongozi ukatangaza kuwa mchezaji huyo hatacheza. Hakuna aliyesusia msimu mzima. Waligusa mshipa mmoja kwa siku chache.

Jibu langu basi: kususia kila kitu ni kupiga ngumi hewani. Chagua mdhamini mmoja na dai moja.

---

Sikubali Nusu

Hesabu umeziweka vizuri, lakini umepima jambo moja tu.

Kwanza, umesema banda umiza halihesabiki. Sawa. Simu yako inahesabika. Kila kipande cha goli ulichokitazama kwenye ukurasa wa klabu, kila picha ya usajili uliyoipenda na kuisambaza, ni namba ambayo klabu inaipeleka mezani kwa mdhamini: tuna wafuasi milioni kadhaa, wanatazama hivi na hivi. Shabiki wa Mbagala ambaye hajawahi kulipa hata shilingi kwa Arsenal ameshauzwa kama jicho. Kwa hiyo mwenye kususia aanze na simu: aache kufuata kurasa za klabu na za wadhamini, afute programu ya kubeti, azime taarifa za magoli. Ni dakika kumi, na hazimuumizi machinga wala mwenye banda.

Pili, mikeka, yaani tiketi za kubeti. Anayesema anachukia biashara iliyopitiliza huku Jumamosi anaweka mkeka wa mechi kumi na mbili, huyo ndiye anayelipa kifua cha jezi. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa nembo za kubeti mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Sisi tunazidi kuzikaribisha.

Tatu, kuacha soka la kulipwa si kuacha soka. Familia ya Glazer ilipoinunua Manchester United 2005, waliochukia waliunda FC United of Manchester, klabu ya wanachama, mtu mmoja kura moja. Mashabiki wa Wimbledon walipoporwa timu ikahamishwa mji, 2002 walianzisha AFC Wimbledon kutoka chini kabisa, na wakapanda mpaka daraja la tatu. Ndondo zipo kila mtaa wa Dar, Mombasa na Bujumbura. Mpira uleule, dakika tisini zilezile, na hakuna anayekuuzia kamari kupitia mtoto wako.

Nikikubali kuendelea "kidogo kidogo mpaka dai litimie", nimeshakubali. Ndiyo sababu ya jina langu.

---

Kipa Namba Moja

Kaka Sikubali Nusu, nakuheshimu kwa msimamo, lakini ruhusu niseme upande wa walio langoni.

Wanawake wanajua kususiwa kuliko mtu yeyote kwenye mchezo huu. Tarehe 26 Desemba 1920 timu ya wafanyakazi wa kike wa kiwanda, Dick, Kerr Ladies, ilicheza Goodison Park mbele ya watu 53,000. Tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Soka cha Uingereza kikapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya klabu zake, na katazo likadumu karibu miaka 50. Watazamaji walikuwepo na pesa ilikuwepo. Kilichowaua ni kunyimwa uwanja. Kwa hiyo ukiniambia suluhisho ni watu kuacha kuja, nauliza: kuacha kuja wapi?

Timu nyingi za wanawake kwetu ni tawi la klabu ya wanaume. CAF imeweka kuwa na timu ya wanawake kama sharti la leseni kwa klabu zinazotaka mashindano yake, na nyingine zimeianzisha kwa ajili hiyo tu. Kapu la klabu likipungua, panga linaanzia huko: kambi inafupishwa, basi linakuwa daladala la kukodi, na mkataba wa maandishi unageuka posho ya mkononi. Hakuna klabu itakayopunguza mshambuliaji wa kigeni ili kipa wa timu ya wanawake alipwe kwa wakati.

Wachezaji wenyewe wamegoma mara nyingi, na tujifunze gharama yake. Denmark 2017, wakiwa wametoka fainali ya Euro, waligomea mechi ya kufuzu dhidi ya Sweden kwa sababu ya mkataba. Walipata mkataba Novemba, lakini mechi ile walipewa kipigo cha 3-0 cha mezani, na Kombe la Dunia la 2019 hawakwenda. Afrika Kusini, Julai 2023, Banyana Banyana walikataa kucheza na Botswana wakidai malipo na uwanja bora, na shirikisho likaokoteza kikosi kingine kilichokuwa na mtoto wa miaka 13, kikafungwa 5-0. Ada Hegerberg aliiacha timu ya taifa ya Norway 2017 na hakurudi mpaka 2022. Miaka mitano ya ubora wake.

Hispania walifanikiwa, na angalieni kwa nini. Septemba 2022 wachezaji 15 waliandika barua wakijiondoa timu ya taifa, wakapuuzwa, nafasi zikajazwa. Agosti 2023, baada ya lile busu, waliosaini walikuwa 81, wakiwemo mabingwa wapya wote 23. Hapakuwa na wa kujazia. Kocha Jorge Vilda akafukuzwa, Rubiales akajiuzulu ndani ya wiki tatu, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani na kumtoza faini ya euro 10,800. Mwezi uleule wa Septemba 2023 ligi yao ya wanawake iligoma raundi ya kwanza, na kima cha chini cha mshahara kikatoka euro 16,000 kwenda 21,000 kwa mwaka. Kumi na tano walishindwa pale themanini na mmoja walipoweza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usisusie kwa niaba ya wachezaji kabla hujawauliza. Wakisema "tumegoma, msije", usiende. Wakisema "njooni", nenda, lipa kiingilio, kaa hadi filimbi ya mwisho.

Ya pili: dai vitu vinavyoweza kukaguliwa. "Waheshimuni wanawake" hakikaguliki. Hivi vinakaguliwa: kila mchezaji ana nakala ya mkataba wake, bima inalipa upasuaji wa goti na miezi ya kujiuguza, kuna afisa wa kupokea malalamiko ambaye si kocha wala mwajiriwa wa kocha, mlangoni kuna mstari wa kina mama wenye wakaguzi wa kike, vyoo vya wanawake viko wazi kipindi chote, taa za nje zinawaka mpaka watu watawanyike. Na uzazi. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wiki 14 za likizo kwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na klabu inayomwacha mchezaji kwa sababu ya ujauzito inaweza kupigwa faini na kufungiwa usajili madirisha mawili mfululizo. Sara Björk Gunnarsdóttir, mchezaji wa Iceland, aliitumia kanuni hiyo dhidi ya klabu yake, Lyon, na alishinda, akalipwa zaidi ya euro 82,000. Klabu ngapi za ukanda wetu zimeiandika kwenye mikataba yao? Anzeni kuuliza hapo.

Na kununua nako kuna nguvu, kaka. Kombe la Dunia 2023 Nike hawakuuza jezi ya kipa wa England, Mary Earps, kana kwamba hakuna mtoto anayetaka kuwa kipa. Zaidi ya watu 150,000 walisaini kudai iuzwe, Nike wakasalimu amri, na zilipotoka zilikwisha upesi. Simba Queens walimaliza wa nne Afrika 2022. Ni maduka mangapi yaliyokuwa na jezi yenye jina la mchezaji wao?

---

Mwanamzunguko (mwenye mada)

Nimeelewa. Sasa tuseme tawi lenye wanachama 200 limekubaliana. Linafanya nini wiki ya kwanza, na mambo huharibikia wapi?

---

Katibu Mstaafu

Kijana, mgomo mzuri ni barua kwanza, kelele baadaye.

Andikeni dai moja, sentensi moja, lenye tarehe. Mfano: "Ifikapo siku 30 kabla ya msimu kuanza, klabu iweke hadharani kuwa wachezaji wote wa timu ya wanawake wana mikataba ya maandishi na bima ya matibabu." Madai saba kwenye karatasi moja ni zawadi kwa uongozi: watatekeleza lile jepesi, wapige picha, sita yafe.

Kisha tafuteni mwenye kuamua. Afisa habari si mwenye kuamua. Bajeti ya timu ya wanawake iko kwa mtendaji mkuu na bodi, udhamini uko kwa mkuu wa masoko wa kampuni. Barua mbili tofauti, nakala kwa Bodi ya Ligi, zipigwe muhuri wa kupokelewa na mbaki na nakala. Wapeni siku 14. Kwa mdhamini msiandike matusi. Andikeni kwamba watu 200, majina na namba za kadi hizi hapa, hawatatumia bidhaa yake kuanzia tarehe fulani mpaka dai litimie. Majina ndiyo uzito. "Wanachama wengi" hakuna anayewahesabu.

Siku 14 zikipita kimya, fanyeni kitu kinachoonekana kwa saa maalumu. Liverpool, Februari 2016, tiketi ghali zaidi ilipangwa pauni 77. Mechi na Sunderland, dakika ya 77, watu kama 10,000 walisimama wakatoka. Timu ilikuwa mbele 2-0, ikaisha 2-2. Siku nne baadaye wamiliki waliomba radhi na kurudisha bei nyuma. Walikuwa wameshalipa kiingilio, kwa hiyo klabu haikupoteza pesa siku ile. Ilipoteza picha: viti vitupu kwenye televisheni, kipindi cha pili. Wajerumani, msimu wa 2023/24, walitupa mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki kupinga kuuza asilimia 8 ya mapato ya matangazo kwa mwekezaji kwa miaka 20. Klabu zilikuwa zimepitisha kwa kura 24 kati ya 36, theluthi mbili kamili, na tarehe 21 Februari 2024 ligi ikaachana na mpango huo. Hapa kwetu msitupe kitu uwanjani, klabu itapigwa faini na nyinyi mtaonekana wahuni. Kutoka kimya kimya kunatosha.

Mgomo huharibika hivi. Mnachagua dabi ya Kariakoo: hakuna atakayetii, mgomo unafia mlangoni. Chagueni mechi ya kawaida ambayo inaonyeshwa moja kwa moja. Au watani wanaidaka hoja, inakuwa "Yanga wanawaonea wanawake" dhidi ya "Simba ndio zaidi". Dawa ni matawi mawili, moja kila upande, kutuma barua yenye maneno yaleyale siku ileile. Au vijana wanaanza kuwazomea waliovaa jezi mpya, na hapo mmepoteza watu. Na kosa baya kuliko yote: mnasahau kuandika mtarudi lini. Mgomo usio na mlango wa kurudia huisha kwa kila mtu kurudi kivyake usiku, na safari nyingine hakuna atakayewaamini.

Mwisho, msisahau mlicho nacho. Wanachama wa Simba walipitisha 2017 mfumo wa asilimia 51 za wanachama kwa 49 za mwekezaji, na Yanga nao wakafuata njia hiyo. Mjerumani ana kanuni yake ya 50+1, inayowaachia wanachama kura nyingi, na anaitumia. Sisi tunakwenda mkutano mkuu kula pilau na kupokea fulana. Someni katiba ya klabu, angalieni muda wa kuwasilisha ajenda, pelekeni ajenda ya bajeti ya timu ya wanawake kwa maandishi kabla ya muda huo. Ikichelewa siku moja wataikataa, na watakuwa na haki.

---

Hesabu za Uwanjani

Nakubali marekebisho ya Sikubali Nusu kuhusu simu. Namba za mitandaoni niliziacha na zina uzito mezani kwa mdhamini.

Nyongeza moja kwa Mwanamzunguko. Ule mkataba wa matangazo wa miaka kumi, ukiuhesabu kuanzia msimu wa 2021/22, unafika mwisho na msimu wa 2030/31. Fungu la ligi ya wanawake likitakiwa kwenye mkataba ujao, lidaiwe mapema, kabla mazungumzo hayajafungwa chumbani. Matawi yanayotaka hilo yapeleke barua zao Bodi ya Ligi kufikia 2029, na kuacha vifurushi kupangwe msimu wa 2029/30, si kabla.

---

Kipa Namba Moja

Na kabla ya 2029, ratiba ya ligi ya wanawake ikitoka, tawi lichague mechi nne za nyumbani, liweke majina ya watu 50 kwa kila mechi, na katibu ahesabu vichwa mlangoni. Barua ya mdhamini iambatane na hesabu hiyo.